Waranti ya Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kioo kabla sijaonyeshwa choo kilipo. Kilikuwa kipande cha luva kimeegemezwa ukutani pale mapokezi, nikakisukuma kwa pochi wakati nageuka kumwamkia mzee aliyekuwa akiingia. Shikamoo yangu na mlio wa kioo vilitoka pamoja. Mzee yule alikuwa Kondo, fundi mkuu. Aliitikia marahaba kwanza, ndipo akatazama sakafuni.

"Umejikata?"

"Hapana, mzee."

"Basi ufagio uko nyuma ya mlango."

Kuhusu kioo kile hakusema neno jingine, si siku hiyo wala miaka iliyofuata. Nikaona hapa ni mahali pa kufanyia kazi.

Nimestaafu sasa, nakaa kwangu Kongowe, nafuga kuku wachache wasiotaga kwa mpango. Ninyi vijana wa kitengo cha madai mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Sawa, lakini msitafute humu habari za vyeo. Vyeo vilikuja vyenyewe, kama mvi.

Niliajiriwa kupokea simu. Kibaha wakati huo watu walikuwa wanahama kutoka mjini kuja kujenga, na kampuni yetu ilikuwa karakana moja tu, mabati juu, meza ya kukatia vioo katikati, na mimi kwenye kona nikiwa na simu ya mezani. Mzee Kondo hakupenda msichana wa simu asiyejua kazi. Alisema mtu akijibu simu bila kujua anachokijibu, anadanganya hata kama hakukusudia. Kwa hiyo alikuwa ananipandisha kwenye pikapu na kunipeleka kwa wateja. Kwake nilijifunza kushika kioo kwa ukingo wa chini, kutembea nacho ubavu ukiwa mbele kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, na kutokimbilia kukidaka kinapoanguka. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu. Mkono wa mtu unataka kudaka wenyewe. Mzee Kondo alikuwa na kovu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na kila akiniona natanguliza mkono alilionyesha tu, bila maelezo.

Tukatoka kwenye luva tukaingia kwenye aluminiamu. Karakana ikawa godauni, kwenye mapokezi ikawekwa kochi. Kisha vikaja vioo vya ombwe.

Kwa wasiojua, hivi ni vioo viwili vilivyobanwa vikawa kama kimoja chembamba, na katikati hewa yote imenyonywa, pakaachwa patupu. Joto la nje likifika pale linakosa pa kupitia. Ili vioo visigandamane, kuna vinukta vidogo katikati, vimepangwa kwa mistari kama mahindi shambani, na kwenye kona moja kuna kifuniko kidogo pale hewa ilipotolewa. Mafundi walikiita kitovu. Mteja wetu wa kwanza, mfanyabiashara wa mbao, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kwa hiyo, dada, unaniuzia vioo viwili, na katikati hamna kitu."

"Hamna kitu kabisa. Hata hewa."

"Na hicho kisichokuwepo ndicho cha ghali."

"Ndicho hicho."

Akacheka sana, akanunua nyumba nzima. Baadaye alikuwa akiwaita wageni wake sebuleni mchana, anawashikisha kioo kwa mkono, nao wanashangaa kwamba jua lote liko nje na kioo cha ndani hakina habari.

Hapo ndipo nilipohamishiwa kwenye madai, kwa sababu kioo cha ombwe kinauzwa na waranti, na penye waranti lazima awepo mtu wa kwenda kuangalia. Mara nyingi kioo hiki hakichakai polepole ukaona kinachakaa. Ufa mdogo kuliko unywele ukiingia kwenye ukingo, au kitovu kikilegea, hewa inaingia. Kuanzia hapo mteja ana vioo viwili vya kawaida. Kwa macho havina tofauti na vya jana.

Waranti yenyewe ilikuwa karatasi moja yenye pande mbili. Mbele iliahidi miaka kumi kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, ilieleza ni wakati gani ahadi ile haipo: ukibandika stika, ukitoboa, ukielekeza kiyoyozi moja kwa moja kwenye kioo, ukiosha kwa tindikali ya kutolea saruji, ukiuza nyumba. Hapo kwenye kuuza nyumba ilisema waranti ni ya mnunuzi wa kwanza na haihamishiki kwa mtu mwingine yeyote. Niliisoma mara nyingi, na siku zote niliwafikiria watu waliouza nyumba.

Namna ya kukagua mnaijua, lakini nirudie kwa sababu nimeona baadhi yenu mnakwenda asubuhi. Msiende asubuhi. Nendeni jua likiwa limepiga dirisha lile lile linalolalamikiwa. Gusa kioo cha ndani kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kisha gusa cha dirisha la pili. Ndipo utoe kipimajoto cha kulenga. Kile kifaa, tangu wakati wa korona, kila ukikitoa watu wanaleta paji la uso. Mzee mmoja huko Ruvu hakuniruhusu niguse dirisha mpaka nimpime yeye, mkewe na shemeji yake aliyekuja kutembea. Nikawapima. Wote walikuwa wazima. Kioo ndicho kilikuwa kimekufa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine za kuchekesha. Kulikuwa na mchungaji aliyebandika aya kwenye kila dirisha la ofisi yake, stika nzito za rangi ya dhahabu, na vioo vikapasuka kimoja baada ya kingine kwa kuwa stika ilikuwa inakusanya joto. Nilimweleza kwamba stika imeondoa waranti. Akaniuliza kwa upole ni maneno yapi hasa kati ya yale ambayo kampuni ilikuwa na matatizo nayo. Kulikuwa na bwana mwingine aliyedai vioo vyake vina ugonjwa wa vinukta, na alikuwa amemleta mtu avisugue.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo hamkuambiwa mlipoajiriwa. Unakaribishwa. Mteja hajui umekuja kukubali au kukataa, hivyo anakupokea kama mgeni. Wanakutolea kiti kizuri, soda inatumwa dukani, mtoto anaambiwa akuamkie. Unakunywa soda ya watu, kisha unafungua mkoba na kuwaambia haiwezekani. Nimefanya hivyo miaka mingi na sikuzoea. Nilijaribu kukataa soda, ikawa mbaya zaidi, maana kwetu sisi mgeni anayekataa kinywaji ameshasema anakuja na nini.

Sasa niwaeleze habari ya Mwalimu Elia wa Mzenga.

Mwalimu Elia alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, mtu wa suruali zilizopigwa pasi hata akiwa shambani kwenye mihogo. Nyumba yake ilikuwa ya kawaida, madirisha ya nondo na wavu, isipokuwa chumba kimoja. Chumba hicho kilikuwa na dari nzuri, kiyoyozi kidogo, na dirisha moja kubwa la ombwe. Alilinunua dirisha hilo kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho, Tumaini.

Tumaini alizaliwa hatoki jasho. Wapo watu wa namna hiyo, wachache. Nywele zake zilikuwa nyepesi, meno machache na yamechongoka, na mwili wake haukuwa na njia ya kujipoza. Jua ambalo mimi na wewe linatuchosha, yeye linampandisha joto kama homa, anaanza kutapika, anaanguka. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo nilipomfahamu, fundi cherehani mzuri sana. Ndiyo sababu baba yake hakujenga ukuta mtupu. Cherehani inataka mwanga, na Tumaini alitaka kuona nani anapita barabarani.

Mwalimu alipopiga simu kwamba dirisha limeanza kuunguza, nilikwenda na Shabani, dereva wetu. Tulishika barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga, vumbi tupu. Nilipogusa kioo tu nilijua. Nikapima, nikaangalia ukingo, nikaangalia kitovu, kumbe kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Hakuna stika, hakuna tundu, kiyoyozi kimeelekezwa mlangoni. Fremu aliifunga Mzee Kondo mwenyewe kabla hajastaafu, raba pande zote nne. Kioo kilitoka kiwandani na kasoro, basi. Sijui kama mnaelewa furaha ya mkaguzi anayekuta dai safi. Nilimwambia Mwalimu pale pale, mbele ya mkewe na binti:

"Mwalimu, hili ni letu. Tutabadilisha."

"Nilijua mtabadilisha," akasema. "Nilisoma."

Tumaini akaniambia kutoka kwenye cherehani, "Mama, ukija nalo njoo na nguo yako ya kushona. Humu kukiwa na baridi nashona haraka."

Kioo cha ombwe hakikatwi hapa. Kinaagizwa kwa kipimo chake, kinakuja na kontena, na kontena likija linakaa bandarini mpaka lichoke. Miezi ikaenda. Mwalimu alipiga simu mara kwa mara, kwa adabu, akiuliza "mgeni wetu amefika wapi". Kisha simu zikakoma. Siku moja akapiga kijana wake mkubwa, akasema baba amefariki, alipata kiharusi, kwa hiyo namba ya kuwasiliana ibadilishwe iwe yake.

Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba mteja amefariki na namba ni hii. Niliandika kama inavyoandikwa. Baada ya siku chache Meneja akaniita. Huyu alikuwa kijana mwenye akili, simsemi vibaya. Alikuwa na wakubwa wake juu. Alikuwa na ile karatasi mezani, upande wa nyuma.

"Bi Felista, hili la Mzenga linafungwa. Mnunuzi wa kwanza hayupo."

"Amefariki. Hakuuza nyumba."

"Sijasema ameuza. Haihamishiki kwa mtu mwingine yeyote. Mke ni mtu mwingine."

"Alidai akiwa hai."

"Na tungembadilishia akiwa hai. Nenda ukawaeleze vizuri. Wewe unajua kuongea na watu."

Nilikwenda. Nilijiambia njiani nitaongea haraka, bila kukaa. Tulipokata kona ya kanisa nikaona turubai limefungwa uwanjani kwa Mwalimu, viti vimejaa, moshi wa sufuria nyuma ya nyumba. Ilikuwa siku ya ibada ya shukrani ya kumaliza msiba. Nikamwambia Shabani ageuze. Alikuwa ameshachelewa. Gari letu lina maandishi makubwa ubavuni, na watu walikuwa wameshasimama kutupisha.

Tuliwekwa mbele. Mimi nilipewa kiti kilichokuwa cha shangazi wa marehemu, yeye akahamia mkekani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza akachukua kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, mnaona jinsi Mwalimu alivyoishi na watu. Hata kampuni ya vioo, kutoka Kibaha, wameacha kazi zao wamekuja kutufariji. Tunaomba watusalimie."

Nilisimama. Mkobani nilikuwa na jibu la kukataa, nimelichapa mwenyewe. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia amina. Nikasema Mwalimu alikuwa mteja wetu mwenye subira, na kwamba kampuni imeguswa. Nilisema "kampuni imeguswa", kwa mdomo huu. Shabani, ambaye ni Mwislamu na ana akili kuliko mimi, alikuwa ameshatoa alichokuwa nacho mfukoni akakitia kwenye bahasha ya hela ya mafuta ya gari, akanipenyezea kwa nyuma, nikaikabidhi kama rambirambi. Watu wakapiga makofi.

Mama Tumaini akasimama naye, khanga nyeusi kichwani. "Huyu mama alimwahidi mume wangu mbele yangu," akasema mbele ya wote. "Mimi nikamwambia, watu wa kampuni ni maneno tu. Leo namwomba radhi Mwalimu huko aliko."

Nililetewa pilau. Nikala. Sijui nilikula vipi. Baada ya chakula Mama Tumaini alinishika mkono akaniingiza kwenye kile chumba. Tumaini alikuwa amelala kwenye mkeka sakafuni, khanga mbichi shingoni, uso mwekundu na mkavu. Dirisha lilikuwa limefunikwa blanketi, kwa hiyo cherehani ilikuwa gizani. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na hewa ilikuwa ya moto. Alinyanyua mkono.

"Shikamoo mama. Umekuja bila kitambaa."

Nilimwambia marahaba. Nikamwambia nitakileta. Tukarudi Kibaha, na njia nzima Shabani hakuwasha redio.

Meneja aliniuliza kama nimewaambia. Nikasema kulikuwa na msiba. Akasema basi nirudi. Nikakaa wiki nzima natafuta kazi za upande wa Ruvu na Mlandizi, mpaka zikaisha, ndipo nikarudi Mzenga.

Safari hii alikuwepo mama peke yake, anamenya mihogo barazani. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilisema waranti ilikuwa kwa jina la Mwalimu na Mwalimu hayupo. Nilisema utaratibu. Nilisema nasikitika. Alinisikiliza kisu kikiwa kimesimama kwenye muhogo.

"Kwa hiyo kioo kilikuwa na uhai wa mume wangu."

Akanyanyuka, nikadhani ananifukuza. Alikwenda nyuma akarudi na kiroba cha mihogo na mananasi mawili, akampa Shabani aweke kwenye gari. "Hukutunga wewe," akaniambia. Heri angenitukana. Yale mananasi yalikaa jikoni kwangu mpaka yakaoza, kwa sababu kila nikichukua kisu nilikuwa naona aibu mbele ya tunda.

Kisha yakatokea mawili kwa wakati mmoja. Kijana wa Mwalimu akanipigia kwamba Tumaini amezidiwa na joto, amelazwa kituo cha afya. Na siku hizo hizo kontena likatoka bandarini. Nilikuwa godauni wakati wa kushusha. Kati ya vioo vyote kilikuwepo kimoja kimefungwa peke yake, kimeandikwa MZENGA kwa kalamu nzito. Kilikuwa kimeagizwa kabla Mwalimu hajafa. Kwa kipimo kile hakingeingia dirisha lingine lolote duniani.

Nilipanda kwa Meneja bila kubisha hodi. Nilimwambia kioo kipo, kwenye karatasi hakina mwenyewe, na mwenyewe yuko hospitali. Nilimwambia kama jibu ni lile lile, safari hii aende yeye akalisema. Sijawahi kuongea hivyo kazini kabla wala baada. Mwishowe akasema:

"Tukikitoa kwa waranti, kila aliyerithi nyumba atakuja mlangoni. Lakini tunaweza kukitoa kama msaada. Msaada hauna masharti."

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilimshukuru. Nilitoka mle ofisini nikijiona nimeshinda, nikampigia Mama Tumaini mwenyewe, nikamwambia kampuni imeamua kuwasaidia. Nilitumia neno hilo, kuwasaidia. Akasema, "Mungu awabariki."

Siku ya kukabidhi tulikwenda magari mawili. La kwanza lilibeba kioo na mafundi. La pili lilibeba Meneja, mpiga picha, fulana na bango refu lililoandikwa kwamba tunarudisha kwa jamii. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, na wanafunzi waliletwa waimbe. Bango lilifungwa kwenye nguzo mbili za baraza, nyumbani kwa mtu aliyelipia kioo chake akiwa na akili timamu.

Mpiga picha akasema ndani hakuna mwanga, watu watoke nje. Tumaini alikuwa ametoka hospitali juzi tu. Akatoka, akasimama juani kati yangu na mama yake, kioo mbele yetu kimeshikwa na mafundi. Alikuwa na khanga yake mbichi shingoni.

"Dada, hicho kitambaa kitoe kidogo," mpiga picha akasema. "Kinaharibu."

Tumaini akanitazama. Na mimi nikanyoosha mkono nikaitoa ile khanga shingoni kwake, nikaishika nyuma ya mgongo wangu. Ilikuwa bado na ubaridi. Maji yalikuwa yananitiririka kisiginoni wakati Meneja anahutubia. Mama Tumaini alipoambiwa atoe neno, alipiga goti moja, akashukuru kampuni kwa moyo wa huruma, akashukuru viongozi, akanishukuru mimi kwa jina. Picha ikapigwa hapo.

Mnaijua picha hiyo. Iko mapokezi, juu ya kochi. Mnaipita kila asubuhi, na baadhi yenu mmeniambia nimependeza. Ukiitazama vizuri utaona mkono wangu mmoja hauonekani.

Mafundi walikifunga kioo jioni ile ile, na kilifanya kazi, na mpaka leo kinafanya kazi. Tumaini alirudi kwenye cherehani. Nikawa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na muda huo wote sikuomba kwenda Mzenga tena. Mkiwa na dai la upande huo mlikuwa mnashangaa kwa nini natuma mtu.

Mwezi uliofuata baada ya ninyi kuniaga kazini, nilichukua pikipiki kutoka Mlandizi nikaenda Mzenga peke yangu. Sikuwa na gari lenye maandishi. Mama Tumaini alikuwa shambani nyuma ya nyumba, akaja akinawa mikono, akanitolea kigoda. Nilimwambia nisikae kwanza.

"Dada, kile kioo hakikuwa msaada. Kilikuwa chenu. Mwalimu alidai akiwa hai na miaka ilikuwa haijaisha. Tulitakiwa tukilete bila bango, na tuombe radhi kwa kuchelewa."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mume wangu alikuwa mwalimu. Ile karatasi alinisomea mbele na nyuma kabla hajatoa hela. Hata pale pa mnunuzi wa kwanza alipasoma. Akacheka, akasema, hawa wanadhani nitauza nyumba."

"Sasa mbona ulishukuru vile? Ulipiga goti mbele za watu."

"Kioo kilikuwa bado mikononi mwa mafundi wenu. Ningesema ni haki yangu, kingefungwa?"

Nilitaka kusema kingefungwa. Nilikuwa nimefanya kazi pale tangu enzi za luva, nilitaka sana kusema kingefungwa.

"Basi hukuwa na jipya la kuniambia mimi," akasema, bila ukali wowote. "Wasiojua ni wale wa ofisini kwenu."

Kwa hiyo nawaambia. Hakuna aliyepewa msaada pale Mzenga. Meneja anaweza kuniita akitaka, nitakuja.

Sauti ya cherehani ilikuwa imesimama. Tumaini akauliza kutoka ndani nani amekuja. Mama yake akajibu ni yule mama wa vioo.

"Mwambie aingie huku," Tumaini akasema. "Huko nje jua kali, huku kuna baridi."

Nilimwambia nakuja. Nikasimama kwanza pale uani, juani, kitambo kidogo, ndipo nikavua viatu nikaingia.